Maneno Rahisi ya Kiingereza Ndiyo Yanayotuponza

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea mhariri mmoja, Mwingereza, tafsiri niliyoihangaikia kwa wiki tatu. Alinijibu kwa mistari miwili. Wa kwanza ulisema "This is quite good." Wa pili: "You might want to have another look at chapter three." Nikafurahi. Kwa Kiingereza nilichofundishwa, "quite" ni sana, basi kazi ilikuwa nzuri sana. Na ile "you might want to" nikaisoma kama hiari: nikipenda niiangalie tena sura ya tatu, nisipopenda basi. Nilikuwa nimechoka, nikaiacha sura kama ilivyo. Siku kumi baadaye kazi ikapewa mtu mwingine.

Ilinichukua muda kung'amua kwamba ndani ya mistari ile hamkuwa na sifa. Vinywani mwa Waingereza wengi "quite good" ni "inaridhisha, lakini...", na hiyo "lakini" haitamkwi, husikika kwenye sauti inayoshuka. "You might want to" nayo, ikitoka kwa mtu mwenye mamlaka juu ya kazi yako, ni agizo lililovishwa adabu. Mhariri aliniambia waziwazi, kwa lugha yake, kwamba kazi ni ya wastani na sura ya tatu irudiwe. Mimi sikumsikia. Na hakukuwa na neno hata moja gumu. Yote nilikuwa nayo tangu utotoni, ndiyo maana sikufungua kamusi.

Tangu hapo nazitazama kwa jicho jingine zile orodha zinazosambazwa kila kukicha: maneno 50 ya mtaani ya Kiingereza na maana zake. "Salty" ni mwenye kinyongo, "no cap" ni bila uongo, "lit" ni mambo moto. Orodha hizo zina kazi yake, na vijana wanaozitunga wanasaidia wengi. Lakini zinatufanya tuamini kwamba hatari iko kwenye misimu. Sivyo. Misimu hujitangaza. Ukisikia mtu anasema "no cap" na hakuna aliyevaa kofia, papo hapo unajua kuna jambo limekupita, unauliza. Neno la kawaida halipigi hodi. "Fine", "sorry", "quite", "interesting": unayasikia, unatikisa kichwa, mazungumzo yanaendelea, na kila mmoja anaondoka na lake.

Tena maneno mafupi ndiyo yenye matumbo makubwa. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolifanyia kazi upya neno "run", likiwa kitenzi tu, walilikuta na maana 645. Neno ambalo mtoto hujifunza mwaka wa kwanza wa shule! Hakuna neno la kitaalamu lenye mzigo wa namna hiyo. Linganisha na "photosynthesis", ambalo likishaeleweka limeeleweka milele.

Kama kisa changu ni kidogo, kiko kikubwa. Aprili 1951, katika vita vya Korea, Brigedi ya 29 ya Uingereza ilishambuliwa na jeshi kubwa la China kwenye Mto Imjin. Kikosi kimoja cha wanajeshi wa Gloucestershire, askari wapatao 650, kilizingirwa kilimani. Inasimuliwa kwamba kamanda wa brigedi, Tom Brodie, alipotakiwa na mkuu wake Mmarekani, Meja Jenerali Robert Soule, aeleze hali ilivyo, alijibu kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky". Neno kwa neno, yananata kidogo. Kwa afisa Mwingereza wa kizazi kile, hiyo ilikuwa namna ya kusema tumefika ukingoni. Mmarekani akasikia kwamba kuna ugumu kidogo, lakini wanaumudu. Ruhusa ya kurudi nyuma haikutoka mapema. Kikosi kilipambana mpaka kikaishiwa risasi, na askari zaidi ya 500 wakachukuliwa mateka. Wanahistoria wanazo sababu nyingine pia za yaliyotokea pale, na vita haviamuliwi na neno moja. Lakini hebu yatazame hayo maneno matatu: "a", "bit", "sticky". Nani angeyatafuta kwenye kamusi?

Na wale wote wawili walizaliwa ndani ya Kiingereza. Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, anasimulia jinsi maafisa wa Uingereza walivyotaka waraka fulani ujadiliwe haraka, wakasema wanataka "to table it". Kwa Mwingereza huko ni kuuweka mezani ujadiliwe. Kwa Mmarekani ni kuuweka kando, usahaulike. Wakabishana muda mrefu, kwa hasira, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinataka kitu kilekile. Ikiwa wenye lugha wanakwama hivyo, sisi tuliojifunza darasani tusijilaumu sana. Tubadilishe tu namna ya kujifunza.

Nionavyo mimi, kosa letu liko kwenye swali tunalouliza. Tunauliza: neno hili maana yake nini? Kamusi inajibu, tunaridhika. Swali lenye faida ni refu zaidi: nani anamwambia nani, kwa sauti gani, na baada ya kusemwa nini kilifuata? Kwa Kiswahili tunafanya hivyo bila kufikiri. Tasfida na mafumbo tumevilea wenyewe. Mtu akikwambia "tutaangalia", husubiri kwa hamu. Bibi akikuuliza "nyumbani hawakutafuti?" hakuulizi habari za nyumbani kwenu, anakuaga. Sikio hilo tunalo. Tatizo ni kwamba tukiingia kwenye Kiingereza tunaliacha mlangoni, tunabaki na kamusi peke yake.

Chukua salamu. Hakuna anayesikia "shikamoo" akatarajia kushikwa miguu, ingawa ndiyo asili inayotajwa ya neno hilo. Tunajua ni heshima, na jibu lake limekwishapangwa. Basi kwa nini mtu akituuliza "How are you?" tunaanza kumsimulia mgongo unaouma? Uingereza wana na "You all right?", ambayo mgeni huisikia kama swali la daktari na kujikagua uso kwenye kioo. Ni hujambo tu. Jibu lake ni "Yeah, you?", na kila mtu anaendelea na safari yake. Mwenye kutaka kujua hali yako kwa dhati ataurudia usemi uleule polepole, akikutazama: "How are you, really?" Hapo ndipo pa kusimulia.

"Fine" inahitaji uangalifu wa peke yake. Ukimuuliza mtu kama aongezwe chai akajibu "I'm fine", amekataa. Hakukujulisha kwamba ni mzima wa afya. Nimeona mwenyeji akishika birika na kummiminia mtu aliyekwisha kukataa kwa upole mara mbili. Na katika ugomvi, mtu akikata maneno kwa "Fine." moja, kavu, usifurahi kwamba amekubali. Amekuacha na lako, na pengine amekasirika kuliko mwanzo.

Lakini linalowatesa wazungumzaji wa Kiswahili kuliko yote, kwa niliyoyaona darasani, ni "sorry". Siku moja mwanafunzi wangu alinijia amekunja uso.

"Mwalimu, nimemkosea nini yule mama?"

"Ilikuwaje?"

"Alijikwaa kwenye ngazi, nikamwambia sorry. Akanishangaa. Akasema, it wasn't your fault. Nikasema najua si kosa langu, lakini sorry. Akacheka."

Hakumkosea kitu. Alisema pole kwa kutumia neno ambalo kazi yake kubwa ni samahani. Sisi tuna maneno mawili ambayo hayagusani hata kidogo: pole ni ya aliyepatwa, samahani ni ya aliyekosa. Mtoto mdogo hawezi kuyachanganya. Kiingereza kimeyabeba yote mawili kwenye "sorry" moja, kisha kikaipa na kazi ya tatu: ukiisema kwa sauti ya kupanda, "Sorry?", ni sijakusikia, rudia. Anayesikia hulazimika kuchagua, na kwa ajali ndogo kama ya kujikwaa wengi huchagua maana ya kuomba radhi. Ndiyo maana yule mama alishangaa. Angesikia "Oh no, are you all right?" angepokea pole yake bila tabu. Kwenye msiba mambo hugeuka: "I'm so sorry" au "I'm sorry for your loss" ni pole kamili, na hakuna atakayekuuliza ulimuua nani.

Kuna pole ambazo Kiingereza hakina kabisa. Pole na kazi, pole na safari. Nimewasikia watu wakisema "sorry for the work" na nikaelewa kila kilichokuwa moyoni mwao, lakini mwenye Kiingereza chake anabaki akijiuliza kazi hiyo ina ubaya gani. Sijapata neno la kuziba pengo hilo na nimeacha kulitafuta. Nawaambia wanafunzi wangu waulize tu: "Long day?" Maneno mawili, sauti ya huruma. Yanafika.

Sasa turudi kwenye misimu, maana sikusudii kuidharau. Watu wengi hudhani kuna ukuta kati ya Kiingereza safi na Kiingereza cha mtaani. Historia inaonyesha ukuta huo ni wakati tu. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika kwa uchungu kwamba amejitahidi kwa miaka kadhaa kulizuia neno "mob", kundi la watu wenye fujo, lisienee, akashindwa. Mwaka 1755 Samuel Johnson aliliweka neno "fun", yaani raha, kwenye kamusi yake na kulitia alama kuwa ni neno la watu duni. Leo utayakuta yote mawili kwenye vitabu vya shule, na mwalimu anayemkataza mtoto kuandika misimu huenda akamwambia, kwa Kiingereza, kwamba kusoma ni "fun".

"Guy" nalo lilianza kama jina la mtu. Guy Fawkes alikamatwa mwaka 1605 katika njama ya kulipua Bunge la Uingereza. Watu wakawa wanachoma sanamu yake kila tarehe 5 Novemba, sanamu zikaitwa "guys". Kisha mtu yeyote aliyevaa hovyo akaitwa "guy", likavuka bahari, na Marekani likawa jamaa yeyote tu. Leo "you guys" huambiwa hata kundi la wanawake watupu. "Nice" imetoka mbali zaidi: mizizi yake ni Kilatini, asiyejua kitu, na kwa Kiingereza cha zamani ilikuwa ni mpumbavu. Sijui neno lililobahatika kama hilo. "Silly" ilikwenda njia ya kinyume, kutoka mbarikiwa hadi mjinga.

Maneno yanayopinduka hivyo tusiyashangae, kwani Kiswahili kinayapindua mbele ya macho yetu. Tunaposema fulani ni hatari, au wimbo huu ni mkali, tunasifu. "Sick", mgonjwa, na "wicked", mwovu, ni hayohayo. Na "cool", iliyokuzwa na wanamuziki weusi wa jazi Marekani kwenye miaka ya 1930 na 1940, ni pacha wa poa yetu: kitu kilichopungua moto kikawa kitu kizuri. Mwanafunzi akishaonyeshwa poa, "cool" haimpi shida tena. Ningependa walimu waanze na mifano ya namna hii badala ya kuanza na orodha.

Hata hivyo, mgeuko mwingine unaweza kumwangusha msomaji vibaya. Katika magazeti ya michezo ya Marekani ya zamani, kumwita mchezaji "goat" ni kumtaja kuwa ndiye aliyesababisha timu ifungwe, mbuzi wa kubebeshwa lawama. Sasa ni kifupi cha maneno manne, "greatest of all time", bora kuliko wote waliopata kutokea, na mashabiki wanaweka picha ya mbuzi kwa heshima. Neno moja, mchezo uleule, nchi ileile, maana zinazopigana. Usipotazama mwaka wa gazeti utamsifu aliyelaaniwa.

"Woke" ndilo ambalo ningemsihi kila msomaji alishike kwa mikono miwili. Limetoka kwa Wamarekani weusi. Mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly, akizungumza kwenye rekodi baada ya kuimba habari za vijana tisa weusi walioshtakiwa kwa uongo huko Alabama, aliwaonya wenzake wakae macho wapitapo kule: "stay woke". Lilikuwa neno la watu wanaolindana dhidi ya hatari ya kweli, kifungo na kitanzi. Miongo mingi baadaye likaenea duniani likiwa na maana ya kuwa macho dhidi ya dhuluma. Halafu wapinzani wa siasa hizo wakalichukua na kulifanya tusi. Leo ukisoma kwamba mtu fulani ni "woke", hujaambiwa lolote mpaka ujue msemaji ni nani. Kamusi itakupa maana zote mbili kwa uaminifu, lakini haiwezi kukuchagulia.

Na hili linagusa jambo ambalo orodha za mitandaoni hulipita kimya. Sehemu kubwa ya misimu tunayoiita ya Kiingereza, au ya vijana wa intaneti, ilizaliwa vinywani mwa Wamarekani weusi: "cool", "lit", "salty" na mengine mengi. Mwaka 2022 ulitangazwa mradi wa kamusi ya Oxford ya Kiingereza cha Wamarekani weusi, mhariri mkuu akiwa mwanazuoni Henry Louis Gates Jr. Nililipokea tangazo lile kwa furaha, maana ni haki iliyochelewa. Anayejifunza neno bila kujua limetoka kwa nani atalitumia mahali ambapo litasikika kama kejeli kwa waliolizaa.

Kwa hiyo ushauri ninaowapa wanafunzi kuhusu misimu ni huu: isikie yote, iseme kidogo. Kuielewa ni lazima, maana bila hiyo filamu, maoni ya watu na ujumbe wa simu vitakupita. Kuisema kunahitaji uwe ndani ya kundi. Misimu ni sare ya kundi, nayo huchakaa upesi. Neno lililokuwa moto mwaka juzi leo linamtambulisha anayelisema kuwa amelisikia kwa wazazi. Maneno ya kawaida, kwa upande mwingine, utayasema kila siku mpaka uzeeni. Huko ndiko pa kuweka nguvu.

Kuna hata herufi moja ya kujifunza. Kifupi cha "OK" kilichapishwa kwa mara ya kwanza Boston, Machi 1839, kama mzaha wa wahariri waliokuwa wakifupisha maneno yaliyoandikwa kwa makosa kwa makusudi, "oll korrect". Kimeishi kuliko mizaha yote ya siku zile. Lakini siku hizi, kwenye ujumbe wa simu, "Okay!" ni furaha, "OK" ni sawa, na "K" peke yake wengi huipokea kama mtu aliyefunga mlango kwa nguvu. Binti mmoja aliwahi kunionyesha simu yake akiwa karibu kulia: rafiki yake alimjibu "K". Nikamwambia pengine alikuwa na haraka. Akaniambia, "Mwalimu, akiwa na haraka huandika kk." Alikuwa amejifunza kumsoma rafiki yake herufi kwa herufi, na alikuwa sahihi, waligombana jioni ileile.

Mimi nina daftari. Halina safu ya neno na safu ya maana. Kila ukurasa una sentensi nzima niliyoisikia, aliyeisema, aliyeambiwa, na kilichofuata. Ukurasa mmoja umeandikwa hivi: "That's an interesting idea. Mkubwa kwa mdogo, kikaoni. Wazo halikutajwa tena." Mwingine: "That's an interesting idea! Rafiki kwa rafiki, njiani. Walisimama kulizungumza robo saa." Sentensi ileile, na alama ya mshangao tu kuzitenga. Mwingine: "With respect... Wakili kwa wakili. Hapakuwa na heshima." Nimejifunza Kiingereza kingi zaidi kwenye daftari hilo kuliko kwenye kamusi zote nilizonunua, na kamusi nazipenda.

Mwaka jana nilipata tena kazi ya kutafsiri, kwa mhariri mwingine ambaye sikuwahi kuonana naye. Nilipowasilisha sura za kwanza akajibu: "This is quite good." Moyo ukaniruka. Nikafungua sura zile usiku uleule, kalamu mkononi, tayari kuzivunja upya. Kisha nikajizuia, nikamwandikia swali moja la wazi: je, kuna mahali unataka nibadilishe? Jibu lilikuja asubuhi. Alikuwa Mmarekani. Kwao "quite" mara nyingi huongeza, haipunguzi. "No," aliandika, "I mean it's really good. Keep going."